Sina bandama, homa yangu haingoji asubuhi

Nauza dawa. Duka letu la dawa muhimu liko Makorora, hapa Tanga mjini, na kwa muda niliosimama nyuma ya kaunta ile nimezoea kuitambua homa mtu akiwa bado mlangoni. Anakuja amejitanda kanga jua likiwa utosini, macho mekundu, anaweka noti juu ya kaunta kabla hata ya salamu. "Nipe mseto." Ukimuuliza kama amepima, anakutazama kana kwamba umemtukana. Homa kwetu ni malaria, na kipimo kikikataa basi itakuwa taifodi au yutiai. Akishameza dozi ya kwanza anajifunika shuka, anasema tuone kesho. Wengi wanapona hivyo hivyo, ndiyo maana mazoea hayaishi.

Mimi na "tuone kesho" tuliachana baada ya kutolewa bandama. Naandika haya kwa sababu najua mjini humu wako waliopasuliwa kama mimi, kwa ajali ya bodaboda, ya baiskeli, au kwa bandama iliyovimba kupita kiasi. Mshono wao umepona zamani, wanabeba ndoo, wanalima, na hakuna aliyewaambia kuwa kinga yao si ile waliyokuwa nayo.

Tanga ni mji wa baiskeli. Wanawake tunaendesha, baibui limekunjwa na kubanwa lisiingie kwenye mnyororo. Asubuhi moja nikitokea Chumbageni, bajaji ilikata kona mbele yangu bila indiketa. Nikaminya breki, gurudumu la mbele likageuka, usukani ukanielekea mimi. Upande wa kushoto ulikuwa hauna mpira wa kushikia, bomba tupu, na niliangukia juu ya ncha hiyo. Ilinipata chini kabisa ya mbavu za kushoto. Sikuchanika. Iliacha duara jekundu lenye ukubwa wa mdomo wa bomba, basi. Watu wakanipa pole, dereva akaninyooshea usukani, nikapanda nikaenda kazini.

Mchana bega la kushoto likaanza kuuma. Bega hilo sikuliangukia. Mwenzangu dukani alinichua kwa ile dawa ya misuli inayowasha, tukacheka, maumivu yakabaki palepale. Hili nalisimulia kila ninapopata nafasi, maana ni dalili ambayo mtu hawezi kuibuni kichwani: damu ikivuja kutoka kwenye bandama hujikusanya chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, na neva ya kiwambo inatokea shingoni jirani na neva zinazohudumia bega. Ubongo unapokea taarifa ya tumbo, unadhani ni bega. Mtu akigongwa ubavu wa kushoto kisha bega la kushoto likamuuma bila sababu, asichuliwe. Apelekwe hospitali.

Jioni nilikuwa na kiu isiyokatika, jasho la baridi, na nikisimama chumba kinazunguka. Hospitali walipima presha, wakapima tena, wakanipitisha altrasaundi, wakaona tumbo lina damu. Siku hizi bandama iliyochanika si lazima itolewe. Kwa watoto hasa, presha ikiwa imetulia, madaktari hupendelea kumlaza mgonjwa, kumwangalia kwa karibu na kuiacha ijifunge yenyewe. Lakini hilo linataka presha iliyosimama, na yangu ilikuwa inashuka wakiiangalia. Mume wangu akasaini fomu, mjomba na shemeji wakaenda kutoa damu, mimi nikaingizwa chumba cha upasuaji.

Baadaye daktari aliwatolea nje waione. Mume wangu mpaka leo anaisimulia: ndani ya bakuli la chuma, kubwa kiasi cha ngumi, rangi ya zambarau lililoiva, imepasuka katikati. Bandama ya mtu mzima mwenye afya ina uzito wa gramu 150 hivi, si kitu cha kutisha kukiona. Mjomba akauliza, "Sasa daktari, ataishi bila hiyo?" Daktari akamjibu ataishi, watu wengi wanaishi. Ni kweli. Lakini lilikuwa jibu nusu, na familia yangu ikarudi nalo nyumbani kama jibu zima.

Wodini homa ilinipanda usiku wa kwanza. Mama mkwe alitaka niongezewe dawa hapo hapo. Daktari kijana aliyekuwa anapita raundi alikaa akamweleza kwa upole, na nilimsikia vizuri ingawa nilijifanya nimelala. Kupasuliwa, alisema, mwili unakuchukulia ni kujeruhiwa. Haujui kuwa aliyeshika kisu ni daktari. Unamwaga kemikali za tahadhari, zile zile zinazoleta homa, kwa hiyo joto la siku moja mbili za mwanzo mara nyingi ni la jeraha lenyewe, halijawa ugonjwa. Wakati huo huo homoni ya kotisoli inapanda, na kotisoli hutuliza kinga. Chembe nyeupe zinazokimbilia kidonda zinaongezeka, lakini zile ziitwazo limfosaiti, zinazomkumbuka adui na kutengeneza kingamwili, zinapungua kwa siku kadhaa. Upasuaji ukiwa mkubwa, upungufu unakuwa mkubwa. Damu nyingi ikipotea, mwili ukipoa mezani, sukari ikipanda, inazidi. Hata damu ya kuongezewa, ambayo ndiyo iliyoniokoa, nayo huielemea kinga kwa kiasi fulani, ndiyo maana haitolewi ovyo.

Akamalizia kwa kusema kuwa antibayotiki ya kuzuia maambukizi hutolewa kabla ya kisu, kwa kawaida ndani ya saa moja, ili ngozi inapofunguliwa dawa iwe imeshafika. Kuiendeleza siku nyingi kwa mtu ambaye hana maambukizi hakuongezi ulinzi, kunafuga tu bakteria wasiosikia dawa. Mama mkwe hakuridhika. Mimi nilinyamaza, maana nayajua ya dukani: mtu ametoka kufanyiwa henia, mshono msafi, anakuja na karatasi aliyochorewa na jirani anataka amoksilini "ya kukausha kidonda".

Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Pangani mwenye kisukari, amepasuliwa utumbo. Mshono wake ulifunguka mara moja, ukasafishwa, ukafungwa upya. Alikuwa anapimwa sukari asubuhi na jioni na kila namba ikiwa juu sista alikunja uso. Sukari ikizidi, chembe nyeupe zinafika kidondoni lakini zinafanya kazi kivivu. Bibi mwenyewe alilaumu mtu aliyemtolea jicho. Sista hakubishana naye, alimwambia tu, "Haya bibi, na chai ya sukari nayo tuiache isije ikamsaidia huyo mwenye jicho." Sista huyo huyo alimgeuza wifi yangu mlangoni kwa sababu ya mafua. Wifi alinuna, akaacha kontena la supu ya samaki akaondoka. Sista alifanya haki kabisa.

Kinga hiyo inayoshuka kwa sababu ya upasuaji wenyewe hurudi. Ndani ya wiki chache, ukila, ukilala, ukitembea na kukohoa kama unavyoelekezwa huku umeshikilia mto tumboni, unakuwa ulivyokuwa. Nilikohoa kwa machozi, ila nilikohoa. Niliporuhusiwa, karatasi ilisema nisafishe kidonda, nisibebe vizito, nirudi kutoa nyuzi. Kuhusu bandama hapakuwa na neno zaidi ya kwamba imetolewa. Hospitali siitaji jina, maana walinirudishia uhai, na najua mahali pengi karatasi ziko hivyo hivyo. Kila aliyekuja kunitazama aliomba kuuona mshono. Ulipona vizuri hasa, mstari mwembamba ulionyooka, na watu wakahitimisha kuwa mimi nimepona.

Miezi ikapita. Ukanijia ubaridi mchana kweupe, meno yanagongana, kifua kinanichoma upande mmoja nikivuta pumzi. Mwenzangu dukani akasema hii malaria, nikapime. Zahanati ya karibu vipimo vya haraka vilikuwa vimeisha, nikaelekezwa kwenye maabara ndogo iliyoko Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba, ambako mzee mmoja bado anasoma damu kwa hadubini. Mzee huyo alishafanya kazi ya kusoma slaidi za malaria miaka mingi, Amani na Muheza, enzi ambazo watafiti walikuwa wakizipeleka kwa maboksi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa, unatetemeka."

Akanichoma kidole, akatandaza damu kwenye kioo, tabaka nene upande mmoja na jembamba upande mwingine, akaitia rangi, tukangoja ikauke. Akainamia hadubini. Alikaa hapo kuliko kawaida. Akasogeza kioo, akarudisha, akasogeza tena. Kisha, bila kuinua kichwa: "Malaria sijaiona. Mwanangu, wewe una sikoseli?"

"Hapana, mzee."

"Basi umetolewa bandama."

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimevaa baibui, mshono hauonekani. Akanisogezea kiti nichungulie. Niliona duara nyingi za rangi ya waridi, na ndani ya baadhi yake kidoti kimoja cheusi cheusi, cha mviringo, kimekaa karibu na ukingo. Akanieleza kuwa kila chembe nyekundu ikitoka kiwandani kwenye uboho huacha kiini chake, na wakati mwingine kipande kidogo cha kiini husalia ndani. Bandama huibana chembe hiyo kwenye vitundu vyembamba, ikakitoa kipande, chembe ikaendelea na safari. Asiye na bandama anatembea na vidoti vyake. Madaktari wanaviita kwa majina ya waliovieleza, Howell na Jolly.

"Haya," akasema, akiandika majibu kwa kalamu nyekundu, jambo ambalo sijawahi kuona tena, "hapa hutoki kwenda nyumbani. Unatoka kwenda hospitali, na neno la kwanza mlangoni usiseme una homa. Sema huna bandama." Hela yake hakuidai mpaka niliporudi kumshukuru.

Nilisema hivyo hivyo getini, na kweli walichangamka. Wakachukua damu ya kuotesha, waone kama ina bakteria, wakanidunga antibayotiki ya seftriaksoni kabla majibu yoyote hayajatoka, halafu ndipo picha ya kifua. Ilikuwa nimonia inaanza. Daktari bingwa aliyenipokea, mama wa makamo mwenye sauti ya ukali, alikuja kukaa kitandani kwangu jioni akanipa ile nusu ya jibu ambayo mjomba hakupewa.

Bandama, alisema, zamani ilihesabiwa kitu kisicho na kazi ya maana, mtu akiumia inatolewa bila kufikiriwa. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Harold King na Harris Shumacker, wakaeleza habari za watoto wachanga watano waliotolewa bandama kwa ugonjwa wa damu, kisha wakaandamwa na maambukizi makali. Tangu hapo ikaeleweka polepole kuwa bandama ni chujio na pia ni kambi. Damu yote hupita humo mara nyingi kwa siku, na humo zinakaa chembe zinazotoa kingamwili za haraka, zile za kuzuia mwanzo kabla jeshi kubwa halijajipanga. Ini hulisaidia chujio, lakini kuna bakteria ambao ini huwakosa: wale waliojifunika ganda la sukari linaloteleza, chembe nyeupe hazipati pa kuwashika. Wa kwanza ni nimokokasi, anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Wapo na meningokokasi, na Haemophilus influenzae aina ya b. Kwa mtu mwenye bandama, wengi wa hawa hunaswa mapema. Kwangu mimi wanaweza kuongezeka ndani ya damu kwa kasi ambayo mtu anaamka na mafua, jioni hajitambui. Haliwapati wengi, na hatari ni kubwa zaidi miaka miwili mitatu ya mwanzo, ingawa haiishi kabisa. Lakini linapompata mtu, karibu nusu huweza kufariki hata wakitibiwa, na tofauti mara nyingi ni saa.

"Kwa hiyo wewe," akaninyooshea kidole, "homa ni ajali. Mtu akipata ajali anangoja asubuhi?"

Akauliza chanjo. Sikuwa nimepata hata moja. Akasema mtu anayejua siku ya upasuaji wake huchanjwa wiki mbili kabla. Aliyepasuliwa kwa dharura kama mimi huchanjwa baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu ile ile niliyoisikia wodini nikijifanya nimelala: mwili uliotoka kupasuliwa haujajipanga kutengeneza kingamwili za kutosha, ukiuchanja mapema mno somo halikai. Mimi wiki mbili zilikuwa zimepita kitambo.

Kuzipata chanjo ilikuwa kazi nyingine. Hizi si ngeni nchini. Chanjo ya Haemophilus imo ndani ya ile ya magonjwa matano wanayopewa watoto kliniki tangu 2009, na ya nimonia wanapewa tangu 2013. Lakini nenda dirishani na miaka yako, ukiwa umevaa baibui, useme umekuja kuchanjwa ya watoto. Chanjo zile zimehesabiwa kwa watoto na sista hana ruhusa ya kukupa, simlaumu. Za nimonia nilizifuata Dar es Salaam kwa basi, ya kwanza, halafu baada ya wiki nane ya aina ya pili inayogusa aina nyingi zaidi za nimokokasi. Niliporudi safari ya pili mkono umevimba, mume wangu alisema angalau sasa tunajua pesa imefanya kazi.

Ya meningokokasi niliipata nyumbani, kwa njia ambayo hakuna daktari aliyeniambia. Shangazi yangu alikuwa anajiandaa kwenda Hija. Saudi Arabia humtaka kila hujaji awe na cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile inayokinga makundi manne ya kirusi... nasema kirusi kwa mazoea ya mtaani, ni bakteria. Sharti la makundi manne lilikazwa baada ya mlipuko wa 2000 na 2001 uliowapata mahujaji. Na chanjo iwe imedungwa angalau siku kumi kabla ya kufika. Shangazi alikuwa analalamika sindano inauma, mimi nikamkatiza, "Shangazi, hiyo chanjo mnapewa wapi?" Kumbe dawa niliyokuwa naitafuta kwa simu mpaka Nairobi inadungwa hapa hapa kila msimu wa Hija. Nikaulizia kama asiyehiji anaweza kulipia, nikapeleka barua ya daktari, wakanipanga. Nilikaa kwenye benchi katikati ya wazee wenye tasbihi, mmoja akaniuliza nasafiri na kundi gani. Nikamwambia mimi sina kundi, sina bandama. Akasema, "Mungu akupe hiyo na Hija pia."

Nameza pia penisilini ya vidonge kila siku, asubuhi na jioni. Muda wa kumeza ni uamuzi wa daktari wako. Wengine miaka michache, wengine maisha. Na nyumbani naweka dozi kamili ya antibiotiki ya akiba, niliyoandikiwa mimi kwa jina, ya kuanza nikiwa njiani kwenda hospitali. Njiani, nasisitiza. Siyo ya kumeza nikalala. Kama muuza dawa najua akiba za namna hiyo zinavyogeuka kuwa za familia nzima.

Malaria ndiyo inayonikera, kwa sababu hapa kwetu haikwepeki kirahisi. Bibi yangu mzaa mama, Mbondei wa Muheza, ana chale ubavuni kushoto alizochanjwa utotoni kwa ajili ya "bandama". Bandama kwa wazee wale ilikuwa ugonjwa: tumbo la mtoto limejaa upande mmoja. Hawakukosea kuona uhusiano. Malaria inayojirudia huivimbisha bandama, na wataalamu wa zamani walikuwa wakiingia kijijini wakiwapapasa watoto ubavu wa kushoto, wakihesabu wangapi wana bandama iliyovimba, ili wajue kijiji kina malaria kiasi gani. Inavimba kwa kuwa inafanya kazi: inakamata chembe zenye vimelea, na baada ya dawa inavikamua vile vilivyokufa ikaziacha chembe ziendelee kuishi. Asiye nayo, vimelea huongezeka haraka na hata dawa ikishaviua, mabaki yake yanakaa kwenye damu muda mrefu, kipimo kinaonyesha malaria ambayo imeshatibiwa. Malawi walifuatilia watu wazima 33 waliotolewa bandama, matokeo yakachapishwa 2005, wakakuta vimelea na homa vinawapata zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo chandarua changu hakina tundu, na kwenye msiba wa kulala nje nakwenda na chandarua changu, watu wakicheka wacheke. Na kitu kimoja cha kushangaza mtu: mbwa akining'ata, au akilamba nilipochubuka, naenda hospitali siku hiyo hiyo, si kwa kichaa cha mbwa peke yake. Kinywani mwa mbwa kuna bakteria ambaye mwenye bandama hamtambui hata jina, na kwetu anaua.

Kuna mama anakuja dukani kila mwezi kumchukulia mwanawe penisilini. Mtoto ana sikoseli, yuko chini ya miaka mitano. Siku moja mama alikuwa amechoka, akauliza kwa nini mtoto asiyeumwa ameze dawa kila siku ya Mungu, dada yangu, mpaka anatapika. Nikamwambia bandama ya mtoto wa sikoseli huharibika yenyewe kidogo kidogo, chembe zilizopinda zinaziba mishipa yake, mpaka inabaki kovu lisilofanya kazi. Hakuna aliyempasua, lakini yuko kama mimi. Nikafungua droo nikamwonyesha pakiti yangu. Akaitazama, akamtazama mtoto. "Kwani na wewe unameza?" Tangu siku hiyo wakifika, mtoto ananyoosha mkono aone kama kweli na mimi nimemeza yangu, na nikiwa nimesahau ananikumbusha yeye.

Nyumbani tumekubaliana. Kipimajoto kiko juu ya friji. Nyuzi 38, au kutetemeka hata kama kipimajoto kinasema kitu kingine, hatujadiliani. Mume wangu ana namba ya kijana wa bajaji anayelala jirani, ameshalipwa mara kadhaa kwa safari za saa nane za usiku ambazo mwisho wake zilikuwa mafua tu, na hakuna aliyenuna. Nyuma ya kava la simu nimeweka karatasi niliyoitia nailoni: sina bandama, chanjo nilizopata na tarehe, dawa ninazomeza, namba ya daktari. Mama mkwe, aliyekuwa akidai madawa wodini, sasa ndiye mkali kuliko wote. Nikikohoa mara mbili anauliza bajaji iko wapi.

Kwa aliyetolewa bandama zamani na hajachanjwa, milango haijafungwa. Chanjo inapokewa hata miaka ikiwa imepita. Aende na karatasi ya upasuaji, na kama ameipoteza, mwenye hadubini ataona kwenye damu yake. Ya nimonia ile ya aina ya pili hurudiwa baada ya miaka mitano, na ya uti wa mgongo hurudiwa kila miaka mitano kwa mtu kama mimi. Shangazi amenitumia ujumbe kuwa safari hii anajiandikisha umra, nilete kadi yangu ya njano ya chanjo twende pamoja, na nauli ya bajaji juu yangu.